Aliyenipokea Mtoto Jangwani

Mwanangu alipona. Nianze na hilo, maana wenzangu wa jumuiya nikianza kusimulia hunikatiza hapo hapo. "Shukuru, si alipona? Mshukuru Mungu basi."

Hillary alikuwa na kifafa. Kinamwangusha akicheza, kinamwangusha akila. Hospitali tulikwenda, dawa alikunywa. Shangazi wa mume wangu akasema ni mizimu ya kwao Mbinga, inataka kuku mweusi. Nikakataa. Nikasema nitambeba mwenyewe hadi Bagamoyo, kwa miguu, pamoja na mahujaji wa parokia, nikamlaze chini ya msalaba wa wamisionari. Mume wangu, Rogath, alibaki dukani.

Siku ya kwanza tulikuwa tutoke Ilala tukalale Mwenge. Tulianza alasiri, jua bado kali. Tulipofika Kariakoo nikachepuka kununua maji na mkate. Wenye maduka walikuwa wanashusha milango, wapagazi wanapiga kelele nyuma ya mikokoteni, "Mama pisha, mama pisha." Niliporudi barabarani, wenzangu walishatangulia. Nilisikia rozari yao kwa mbali, upande wa kituo cha Fire, Salamu Maria zikikatwakatwa na honi.

Nikateremka Jangwani peke yangu, mtoto mgongoni.

Magharibi ilikuwa inaingia. Bondeni kulinuka tope. Tope bichi, la mafuriko... na mvua tulishaisahau.

"Pole na safari."

Mwanamke. Alikuwa ubavuni mwangu, hata sijui alitokea wapi. Amejifunga kitenge kama chetu cha hija, rozari shingoni. Nikajua ni mwenzetu, naye kachelewa.

"Asante, dada."

"Unampeleka wapi?"

"Bagamoyo. Anaumwa."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Hillary," akarudia, taratibu, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Akafumbua macho.

"Nikupokee? Umechoka."

Nani angekataa? Kwenye hija watu hupokeana mizigo, ndiyo upendo wenyewe. Na mgongo wangu ulikuwa unawaka moto. Nikafungua khanga, nikampa, akamfunga mgongoni kwake.

Tukatembea. Mabasi ya mwendokasi yalipita, upepo wake unatusukuma. Yalipopita, pakawa kimya kidogo. Ndipo nikasikia.

Tone.

Tone.

Nikatazama chini. Pindo la kitenge chake lilikuwa linachuruzika maji kwenye lami.

"Dada, nguo yako imelowa."

"Haikauki," akasema.

Yeye akaendelea, sauti ndogo, kama tunaongea habari za sokoni. "Wangu walikwenda na maji wote. Walikuwa wamelala. Mimi nilitoka kwenda kutafuta mafuta ya taa."

Nikanyoosha mikono.

"Naomba mwanangu."

Alikuwa anambembeleza kwa wimbo, mdomo umefungwa. Nikaongeza mwendo. Nikakimbia. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na simfikii. Watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Nikawapungia mkono, wakapita.

Darajani akasimama, akanisubiri. Akamfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi vizuri kabisa, kichwa begani kwangu.

"Nimeshampokea," akasema.

Akashuka ukingoni kuelekea mtoni. Sikusikia maji yakiguswa.

Wenzangu niliwakuta Magomeni wamekaa wanapumzika. Eliasi, kiongozi wetu, akanisogelea.

"Mbona umechelewa? Ulikuwa na nani?"

"Na mwenzetu. Yule wa nyuma."

Akanitazama sana. "Nyuma ulibaki wewe tu, mama Hillary. Wengine wote hawa hapa."

Nguo za mtoto zilikuwa zinanuka tope.

Tulifika Bagamoyo. Nikamlaza chini ya msalaba nilivyoahidi, nikalia, nikaomba. Kifafa hakikurudi, tangu jioni ile ya Jangwani hadi leo. Kanisani wakanisimamisha nitoe ushuhuda, wakapiga vigelegele. Nikatoa. Ningesema nini?

Lakini mtoto hanitaki. Chakula akilishwa na baba yake anakula, nikimlisha mimi anafumba mdomo. Nikimkumbatia anakaza mwili kama ubao, anasubiri nimwachie. Alipojua kusema "mama," alisema akitazama korido nyuma yangu. Nikageuka. Korido tupu.

Rogath alicheka nilipomwambia. "Mtoto mzima sasa, halafu unaonea wivu hewa?"

Juzi, taa za mtaani zinaanza kuwaka, nilikuwa nachagua mchele sebuleni. Mtoto akaacha kucheza. Akainuka, akaelekea mlango wa nje, mikono ameinyoosha mbele, anacheka. Kicheko hicho mimi sijawahi kupewa.

Nikamdaka mkono. Akageuka akaniona, na akaanza kulia. Hakulia kwa kudeka. Alilia kama mtoto anayeibwa. Ananikwaruza usoni, anajitupa chini, mimi nimemng'ang'ania na mchele umemwagika wote.

Mpangaji mgeni wa chumba cha mbele, Anifa, akatoka. Hata wiki hajamaliza pale, hatujazoeana. Akatutazama, mmoja mmoja.

"Dada," akaniuliza kwa upole, "kwani mama yake yuko wapi?"

Mtoto akanyamaza ghafla.

Akanyoosha kidole mlangoni.