Mtu Aliyemkosea

Foleni ya duka kubwa Jumamosi mchana haina adabu. Vikapu vinagonga visigino vya watu, watoto wanalilia peremende, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo mpambaji keki mmoja, gauni la njano, unga begani, alikuwa amekumbatia trei mbili za mayai huku akimwomba Mungu asisukumwe. Nyuma yake simu ikalia. Mlio ulikuwa wa Kiganja cha Moto, mchezo wa simu ambao yeye alikuwa akiuota hata usingizini.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeusi lililonyooshwa kwa pasi, waya wa spika umezungushwa begani.

"Umefika sura ya ngapi?" akamuuliza.

"Salamu kwanza, dada."

"Habari yako. Sura ya ngapi?"

"Nzuri. Nimeumaliza, tena mara mbili."

"Basi niambie, kiganja kinafanyaje kazi?"

Ambaye hajawahi kuucheza aelezwe. Ni mchezo wenye hadithi ndefu. Mfinyanzi, mwanamke mwenye nguvu za ajabu, anaamka na kukuta mji wake umeungua, wala hakumbuki kitu. Anazunguka kuwatafuta wabaya wake. Kiganja chake cha kulia huwaka moto akikutana na baadhi ya watu, na mchezaji ndiye anayeamua amchome mtu huyo au amwache. Kinajuaje nani wa kuchomwa? Hilo ndilo lililowagombanisha mashabiki hadi wengine wakawa hawasalimiani.

"Kinanusa hatia," alisema kijana. "Mwenye hatia akisogea, kinawaka. Jambo dogo hilo."

"Mbona kiliwaka mbele ya kile kichanga cha sura ya tatu? Kichanga kina hatia gani? Kilinyonya ziwa la jirani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Kijana akakuna kichwa. "Hiyo ni hitilafu ya mchezo."

"Hitilafu! Maneno yaliyochongwa kwenye chungu uliyasoma, au uliruka?"

"Niliruka kidogo."

"Masikini! Mrukaji!" Akamgeukia karani wa kaunta. "Dada, huyu usimhudumie, anaruka hadithi."

"Bora aruke hadithi kuliko kuruka foleni yangu," akajibu karani. "Haya, mayai hayo, weka hapa."

Kijana alikuwa akimtazama kwa macho mengine sasa. "Ngoja. Wewe si ndiye Usiruke wa kwenye kundi letu?"

Alikuwa ndiye. Kwenye kundi la mashabiki alijiita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwakemea wanaobonyeza kitufe cha kuruka mazungumzo. Na kijana alikuwa Spika, fundi sauti wa ukumbi wa sherehe, ambaye rekodi zake za kuuchambua mchezo zilisikilizwa na maelfu. Akambebea mpambaji mayai hadi kwenye duka la keki la shangazi yake huyo dada. Moja likapasuka njiani, naye akalifidia kwa kuomba namba ya simu.

Penzi likaota kwa simu, maana mmoja kazi yake ni asubuhi na mwingine jioni.

"Sukari, unafanya nini?"

"Napiga siagi."

"Mwambie siagi pole. Ungekuwa unanipiga mimi ningekaa kimya hivyo hivyo."

"Wewe ukae kimya? Utakufa."

Spika alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu. Siku moja akamtumia sauti akimwiga bosi wake, mwenye ukumbi, mzee aliyeupenda ukumbi wake kuliko watoto wake na kupaka nywele rangi nyeusi: "Mgeni asiguse ukuta, ukuta una rangi mpya! Mgeni asikae, kiti kina kitambaa kipya! Mgeni aelee tu hewani! Na asizitazame nywele zangu, ni nyeusi kuliko dhambi zangu!" Mpambaji alicheka mpaka mfuko wa krimu ukamponyoka.

"Hiyo isitoke hapo ilipo," Spika alimwonya. "Nitakosa kazi."

"Kaburi," akaapa.

Naye akampa siri yake. Ilikuwa ni siri ya kulipiza kisasi, na alikuwa ameilea kwa hasira. Kwenye kundi, kila alipotoa hoja, wanaume walimjibu, "Mpika keki, rudi jikoni, jiko linaungua." Hakuwajibu. Alikaa na maneno ya kwenye chungu, akiyasoma na kuyarudia, mpaka yakafunguka.

"Sikiliza, Spika. Chungu kinasema: Kiganja cha Mfinyanzi huwaka mbele ya mtu aliyemkosea. Sasa niambie, mtu aliyemkosea. Nani kamkosea nani?"

"Si huyo mtu kamkosea Mfinyanzi."

"Au Mfinyanzi ndiye kamkosea huyo mtu. Aliyemkosea! Neno ni lile lile."

Spika akasikika akilirudia neno hilo polepole.

"Kile kichanga," mpambaji akaendelea, "mama yake aliungua mjini. Na moto ulianzia wapi? Kwenye tanuri la vyungu. Ni yeye mwenyewe, Spika. Amesahau tu. Kila anayemchoma akidhani analipiza kisasi ni mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumuumiza."

"Mama yangu!" Spika alisema kwa sauti ndogo. "Sote tumekuwa tukichoma watu wasio na kosa?"

"Usimwambie mtu. Siku ya mkutano wa mashabiki, pale ukumbini kwenu, nataka niwapige nayo usoni kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Kaburi," akasema Spika.

Wiki ya mkutano ikafika. Mpambaji alikuwa akikoroga rangi nyekundu pale simu ilipomjulisha kuwa Spika ametoa rekodi mpya. Akaifungua kwa kidole chenye sukari. "Mashabiki wenzangu, leo nawaletea siri ya kiganja. Soma lile neno, aliyemkosea. Nani kamkosea nani? Mkumbukeni kile kichanga..."

Hakusikiliza zaidi. Simu ikatua kwenye bakuli la unga.

Kikulacho ki nguoni mwako! Maneno yake yote, hata kichanga chake, yamo kinywani mwa mwanaume, na maelfu wanamsikiliza yeye. Alilia mara moja tu, kilio kifupi cha ghadhabu, kisha akajitoa kwenye kundi na kuizuia namba ya Spika. Mchana Spika alikuja mwenyewe dukani akihema.

"Hayupo," Shangazi alimwambia, naye mpambaji amechutama nyuma ya tanuri.

"Mama, nionee huruma, mwambie tu asikilize..."

"Hayupo, mwanangu. Na hata asiyekuwepo amechukia."

Alipoondoka, Shangazi akakunja mikono. "Mpigie umuulize. Hasira hasara."

"Hasara yake safari hii, si yangu."

"Na ile keki ya mkutano waliyoagiza? Oda ni oda."

"Nitaipeleka," alisema mpambaji, na namna alivyotabasamu ilimfanya Shangazi aache kukanda.

Ilikuwa keki nzuri kuliko zote alizowahi kupamba. Umbo la kiganja, vidole vya sukari nyekundu, katikati mwali wa moto wa krimu ya machungwa. Kila mstari aliouchora aliuchora akimwona Spika anafukuzwa kazi. Siku yenyewe akavaa gauni jekundu la kubana na hereni ndefu, akapaka wanja, maana mtu hawezi kwenda kumuangamiza mpenzi wake akiwa na aproni.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Mwenye ukumbi alikaa mstari wa mbele na mkewe, nywele zinang'aa. Spika alipomwona mpambaji mlangoni uso ulimfunguka wote, akaacha mitambo yake akaja mbio.

"Umekuja! Sukari, nilijua utakuja. Ulisikiliza?"

"Nilisikia," akamjibu. "Keki iko kwenye gari. Ni nzito, ibebe wewe."

Akaenda kuibeba, maskini, huku akipiga mluzi. Naye mpambaji akapita ubavuni mwa viti hadi kwenye mitambo ya sauti. Spika mwenyewe ndiye aliyewahi kumfundisha pale kwa mizaha: waya mwekundu kwenye simu, kitufe cha kati kipandishe juu. Akachomeka. Akapandisha.

"Mgeni asiguse ukuta, ukuta una rangi mpya!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sauti ilipofika kwenye nywele na dhambi, hata mke wa mwenye ukumbi alificha uso kwenye mkoba. Kisha kicheko kikafa kidogo kidogo, kwa kuwa mzee alikuwa amesimama. Spika naye alikuwa amesimama mlangoni, keki mikononi, akimtazama mpambaji na simu yake.

"Ni sauti yako hiyo?" mzee aliuliza.

"Ni yangu, mzee wangu."

"Funga vyombo vyako. Kuanzia leo mimi na wewe basi."

Mpambaji alikuwa ameungoja utamu wa dakika hiyo, na ulikuja kweli, akausikia mpaka kooni. Lakini simu kiganjani mwake ilikuwa ya moto, moto hasa, mpaka akaihamishia mkono wa pili. Hapo akasogea msichana mmoja aliyevaa fulana yenye picha ya Mfinyanzi.

"Samahani dada, wewe ndiye Usiruke? Sisi tumekuja kukusikiliza wewe."

"Mimi? Nani kawaambia?"

"Si Spika, mwishoni mwa rekodi." Msichana akamkazia macho. "Kwani hukuisikiliza mpaka mwisho?"

Akaifungua simu yake, akaivuta rekodi hadi mwisho, akamwekea sikioni. Sauti ya Spika ilikuwa inatetemeka kidogo: "Msinipigie makofi mimi. Haya yote ni ya Usiruke, yule mliyemwambia arudi jikoni. Siku ya mkutano atapanda jukwaani awajibu mwenyewe. Na atakayemkejeli akumbuke, maikrofoni ninazo mimi. Nampenda, na nimelisema mbele yenu ili asiweze kunikana."

Yeye, Usiruke, mkemea warukaji wote, alikuwa ameruka.

Spika alikwisha kuiweka keki mezani na kukunja waya wake begani. Alipompita alisimama, akamwekea maikrofoni mkononi.

"Haya, sema. Watu wanakusubiri."

"Spika, sikujua..."

"Najua hukujua. Ungeniuliza ungejua." Akatoka bila kugeuka nyuma.

Mpambaji akapanda jukwaani. Wale waliokuwa wakimtuma jikoni walikuwa kimya wanamtazama, kama alivyotamani siku zote.

"Mimi ndiye Usiruke," alisema. "Nilikuja kuwaeleza kiganja kinavyofanya kazi. Leo changu kimewaka mbele ya mtu, nikadhani ni kwa sababu kanikosea." Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Lile neno lina njia mbili. Mimi ndiye niliyeligundua, na mimi ndiye niliyelisahau."

Wakampigia makofi. Hakuyangoja yaishe.

Mzee hakulegea. Mpambaji alimfuata kesho yake kumwomba radhi na kumbembeleza, akaambiwa, "Kijana ameniiga vizuri, hata mama watoto anarudia mpaka leo. Ila nimechekwa ndani ya ukumbi wangu, binti. Kazi hapati." Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amekwisha kuzaliwa na alikuwa analia.

Basi akatengeneza keki nyingine, ndogo, nyeupe, akaandika juu yake maneno mawili. Akaipeleka kwa dada yake Spika, ambako kijana alikuwa sasa anatengeneza redio za majirani barazani. Dada mtu ndiye aliyemfungulia.

"Ooh, wifi mwenyewe ndiye huyu? Yule anayechoma watu?"

"Ndiye, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Pita. Ila kama una kiberiti kiache mlangoni."

Spika hakuinua kichwa. Redio ilikuwa imefunguliwa tumbo mbele yake. Mpambaji akaiweka keki kando ya bisibisi, akafungua boksi. Maneno yalisema: Kwa aliyemkosea.

Spika aliyasoma kwa muda mrefu.

"Hii ni yangu au yako?"

"Chungu hakikusema."

"Mimi nimepoteza kazi, Sukari. Wewe umepoteza nini?"

"Nilikupoteza wewe. Na nilifanya kwa mkono wangu, kwa raha, sitakudanganya. Nilikuwa navaa hereni huku naimba." Machozi yakamtoka na wanja wake. "Ile sauti uliniambia isitoke. Niliapa kaburi."

"Na mimi niliapa kaburi." Spika akaweka bisibisi chini. "Ulisema unataka uiseme kwa mdomo wako. Nikaona nikikuandalia watu utafurahi. Nilichukua kitu chako nikakifanya zawadi yangu. Hilo nalo ni kosa."

"Basi tulikuwa makaburi mawili yasiyo na mifuniko."

Spika akataka kucheka, akajizuia. "Usifikiri yameisha. Nina kisasi changu."

"Kiseme."

"Kuanzia leo utanisikiliza bila kuruka. Nikisimulia habari za waya, unasikiliza. Nikikoroma, unasikiliza. Nikizeeka nikawa narudia hadithi moja tangu asubuhi, unasikiliza mpaka mwisho."

"Mwisho upi?"

"Ule wa kuzikwa."

Mpambaji akajifuta macho, akamtazama vizuri. "Spika, unaniposa au unaniadhibu?"

"Soma tena. Yote mawili yamo."

Akanyoosha kiganja chake kilichojaa vumbi la redio. Mpambaji akaweka cha kwake juu, na vyote viwili vilikuwa vya moto.

"Nimekubali," alisema. "Adhabu nimeikubali."

"Tuanze basi." Spika akaichukua simu, akaifungua ile rekodi tangu mwanzo. Ilianza na muziki, kisha salamu kwa mashabiki, kisha salamu kwa wagonjwa, kisha shukrani kwa waliomsikiliza mara iliyopita, mmoja mmoja. Kidole cha mpambaji, kwa mazoea ya vidole, kikaanza kusogea kwenye kioo.

"Wifi," dada mtu aliita kutoka ndani, "usiruke!"

Akakirudisha kidole, akavuta kigoda, akakaa kusikiliza.