Mikono ya Kalenga

— Nawa, mukwe wangu. Weye njo mugeni, anza.

Papa Urbain alimsogezea Kalenga beseni la maji. Kalenga, ndani ya suti yake mpya ya abakosti, akaficha mikono chini ya meza.

— Nimeshiba, Papa.

Sebule nzima ikamgeukia. Mwanaume anakuja ukweni, ndoa ni Jumamosi, samaki wa mikebuka wamekaangwa, ugali wa bukari unafuka moshi, halafu ameshiba! Ameshibia wapi? Victorine, bibi harusi mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Umeshiba ao unatuogopa? Tangu huu ugonjwa wa kolera uingie Kalemie, haugusi kitu kwetu. Sisi njo wachafu?

— Hapana, Papa.

— Basi nawa, ukule.

— Siwezi.

Papa Urbain akasimama. Miaka ya kubeba mizigo bandarini ilimpa mikono mikubwa, na sauti kubwa zaidi.

— Kesho utarudishiwa mali yako ya ndoa. Mutoto wangu haolewe na mutu mwenye kuchukia chakula cha mama yake!

Kalenga akatoka bila kuaga. Mama Hélène, mama wa Victorine, aliyeshika bakuli la mboga ya sombe, akaanza kulia. Victorine alibaki akilikodolea macho lile beseni. Maji yalikuwa safi, hakuna aliyeyagusa. Mgeni ndiye huanza, wenyeji hufuata katika maji yaleyale. Sasa Kalenga aliogopa uchafu wa nani?

Akatoka mbio. Alimkuta kando ya reli, analia waziwazi.

— Kalenga! Unaogopa nini? Usinidanganye.

— Rudi kwenu. Usinikaribie.

— Miye njo nitakupa ugonjwa?

— Hapana! Miye njo nitakuua weye!

Akamwonyesha mikono. Sabuni na dawa kali ya javeli zilikuwa zimeichubua, vidole vimepasuka mpaka damu.

— Mama alipougua kule Mpala, miye njo nilimulisha. Nilimunywesha maji na hii mikono. Akakufa, na miye sikuugua hata kidogo. Kolera inakaa huku mikononi, Victorine, inangoja wengine. Ninawe wa kwanza, halafu nyumba yenu yote ifuate?

— Ulienda kwa munganga wa hospitali?

— Alinipima, akasema niko muzima. Nikitoka tu mulangoni, naanza tena kuosha.

Kama maneno ya daktari hayakumtuliza, Victorine angesema nini? Alikuwa na hasira, na alikuwa na mapenzi, na mapenzi yalizidi kidogo. Akamshika mkono uleule. Kalenga akajaribu kuuchomoa, akashindwa.

— Twende, ukamwambie Papa.

Papa Urbain alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwaga maji ya beseni uani, akachukua sabuni na jagi.

— Leta mikono, mwanangu. Kuanzia leo hapa kwetu tutamwagiana maji, hakuna beseni tena.

Alimmwagia polepole, maji yakatiririka chini. Victorine akaketi mbele ya mchumba wake.

— Nilishe.

— Victorine, usinitese.

— Kama ulivyomulisha Mama yako. Nilishe.

Kalenga akakata tonge, akamtia mdomoni. Victorine akatafuna, akameza, macho yake hayakutoka usoni mwa Kalenga. Mama Hélène akafanya ishara ya msalaba.

Alfajiri Kalenga akagonga dirisha la Victorine.

— Victorine! Tumbo?

— Niko muzima. Enda kazini.

Alfajiri nyingine tena hivyo hivyo, mpaka majirani wakaanza kuwatania. Halafu ikafika asubuhi dirisha halikugongwa. Victorine akangoja. Jua likapanda. Na kama ameugua? Na kama yuko peke yake, anatapika? Akavaa kandambili za mama yake, akakimbia mpaka kwa Kalenga, akagonga mlango kwa ngumi mbili.

Kalenga akafungua, macho mekundu ya usingizi.

— Kuna nini?

— Tumbo? Uko muzima?

Victorine alipojisikia akiuliza swali lilelile la Kalenga, akaangua kilio na kicheko pamoja.

— Nilikuwa nalala tu, alisema Kalenga kwa mshangao. Tangu Mama akufe, sikulala vile.

Jumamosi bwana harusi alichelewa kanisani. Alikuwa amelala tena.