Tundu Lililostaafu

Kila alasiri akitoka shule, binti wa mchora ramani za nyumba alivua viatu, akashika ufagio na kufagia ofisi ya baba yake, chumba kimoja chenye meza, viti viwili na kompyuta iliyozeeka. Alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo aliifanya juu juu, vumbi akilisukumia chini ya kabati.

Siku hiyo alimkuta mama yake mdogo amepiga magoti sakafuni, bisibisi mdomoni, kasha la kompyuta liko wazi. Kompyuta ile haikuwa na kadi ya picha. Picha zilitoka kwenye ubao wake wa ndani, nao ulikuwa dhaifu. Baba alipotaka kuigeuza nyumba kwenye skrini ili mteja aone upande wa nyuma, nyumba iligoma kama punda kwenye mlima. Mama mdogo akapachika kadi mpya yenye feni yake, akaibana kwa skrubu, kisha akahamisha waya wa skrini kutoka tundu la juu hadi la chini, kwenye kadi. Nyumba ikazunguka laini.

"Lile la juu limestaafu," alimwambia binti akicheka. "Usilirudishe kazini, halitoi picha tena."

Akaenda kuoga na kubadili nguo. Saa kumi mwalimu mkuu wa shule ya jirani angekuja kuona ramani ya madarasa, na kadi ikimridhisha, angempa mama mdogo kazi ya kutunza kompyuta zote za shule. Tangu amalize darasa la saba alikuwa hajapata kazi ya kudumu.

Binti akafagia. Ufagio ukanasa waya, waya ukachomoka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye tundu ulilolizoea miaka yote, la juu. Skrini ikabaki nyeusi. Akasikia hatua za baba na mgeni mlangoni, akasogea kando, akajifanya hamnazo.

Baba alibonyeza, akabonyeza tena. Mgeni akatazama saa. Mama mdogo aliporudi, aliomba aangalie nyuma ya kasha, lakini baba akamzuia kwa mkono.

"Usiguse, shemeji. Ulichoua kinatosha." Akamgeukia mgeni. "Kosa langu, Mwalimu. Nimempa kompyuta mtu wa darasa la saba. Huyu kiasi chake ni kutengeneza pasi."

Mgeni akacheka. Mama mdogo akamtazama binti.

"Mwanangu, kuna mtu aligusa nyaya hapa?"

"Hapana, mama mdogo. Mimi nilikuwa nafagia tu."

Mwalimu mkuu akaondoka, akisema atatafuta fundi aliyesoma. Baba kwa hasira akalifungua kasha, akaikamata kadi na kuanza kuing'oa bila hata kulegeza skrubu. Ubao ukalia kwa kupindika. Hapo ndipo ulimi wa binti ulipofunguka. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba waya aliuchomoa yeye, akaurudisha siko.

Mama mdogo akamwondoa baba mkono, akauhamisha waya, akawasha. Skrini ikang'aa.

Baba akamtuma binti amkimbilie mwalimu mkuu. Alimkuta kwenye geti la shule, akamweleza yote akihema. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kazi keshampa fundi mwingine kwa simu, na ahadi ni ahadi.

Aliporudi na jibu hilo, baba alikohoa, akasema, "Basi shemeji, yamekwisha."

"Kwako," mama mdogo alisema, akifunga mkoba wa vifaa. Kisha akamshika binti kidevu ili wasikwepane macho.

"Sikuchukii. Kuchomoa waya ni bahati mbaya, hata mimi nimechomoa mingi. Lakini nilipokuuliza, mgeni alikuwa bado yupo kitini. 'Ni mimi' ingekuletea kukaripiwa tu, ukalala ukaamka. Umesema alipokwisha kuondoka. Kadi umeiokoa, mimi hukuniokoa. Ukikosea, mwanangu, sema wakati yule unayemponza bado anaweza kusaidika."