Karibu Iliyonitoka

Mimi na vitabu ni mbalimbali. Kitabu changu ni daftari la vipimo, na hadithi zilizomo ni mabega na viuno vya watu. Kwa hiyo binti wa dada yangu alipotaka kunisomea riwaya kazini, nilimkubalia ili tu asiguse mikasi yangu.

Alikuwa amemaliza shule, anasubiri mahafali, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikuja kushinda dukani kwangu. Ni chumba kimoja tu. Cherehani iko mlangoni, meza ya kukatia katikati, na kona ya nyuma nimefunga pazia la kijani, wateja hujaribia nguo huko. Nyuma ya pazia kuna kioo na ukuta mtupu. Hakuna mlango, hakuna dirisha. Hilo mlishike.

Riwaya yenyewe aliichagua kwenye rundo la vitabu vya mitumba. Ilikuwa nene, jalada jekundu, ikinuka kabati la zamani. Msichana mfuma vitambaa amefungiwa kwenye chumba kisicho na mlango. Anampenda mwana wa mfalme ambaye amemsikia tu kupitia ukutani. Naye mwana wa mfalme amerogwa na mama yake wa kambo: hawezi kuingia popote mpaka mwenyeji amwambie karibu. Miaka mia amezunguka akipapasa milango, hadi mkono wake wa kushoto ukarefuka kuliko wa kulia kwa inchi mbili.

"Inchi mbili!" nikacheka. "Huyo koti lake lingenitoa jasho."

"Mama mdogo, watu wanapendana hapo, wewe unaona vipimo tu!"

Nilimtania, lakini siwafichi, nilinogewa. Kila sura ilikuwa na jambo lake. Farasi akageuka kuwa dada wa yule msichana. Mlinzi tuliyemchukia wiki nzima akafa akimtetea msichana, nami nikalilowesha gauni la mteja kwa machozi. Binti alijua kunitesa. Akifika patamu anafunga kitabu, ananiangalia kwa jicho la pembeni. "Subiri, mama mdogo, subiri."

Jumatano ile, saa nane mchana, nilikuwa namalizia gauni lake la mahafali, la bluu, la mikono mirefu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na feni imesimama. Yeye alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu ikining'inia, anasoma. Mwana wa mfalme alikuwa ameufikia ukuta.

"Akaweka kiganja ukutani," akasoma, "akasema: Hodi."

"Karibu!" nikasema.

Mafundi wenzangu watanielewa. Miaka ishirini na kitu nimeinamia sindano. Nikisikia hodi, karibu inanitoka yenyewe, hata kichwa siinui.

Binti alicheka mpaka akajilaza mezani. "Mama mdogo! Umemkaribisha yeye!" Kisha akakiinua kitabu, na kicheko kikamkatika.

"Nini?"

"Hapa chini pameandikwa: 'Karibu, akajibu mwanamke mwenye sindano.'"

"Si ndivyo kilivyoandikwa?"

"Labda." Akafikiri. "Lakini humu hakuna mwanamke mwenye sindano."

Pazia la kijani likatikisika kidogo, likatulia. Nikasema ni upepo, nikamtupia gauni ajaribu, maana nilitaka tuzungumze habari nyingine. Akavua ndala zake, akaingia nyuma ya pazia.

"Linanikaa!" akasema. "Ila pini zinanichoma."

"Vumilia. Njoo niione mikono."

Halafu akanong'ona.

"Mama mdogo. Huu mlango uliutoboa lini?"

Nilisimama. Hatua tatu tu. Nikalifungua pazia.

Kioo. Ukuta. Ndala zake mbili, zimepangwa sawasawa.

Tulimtafuta siku tatu. Polisi waliniuliza alitoka vipi na mimi nimeketi mlangoni. Waliugonga ukuta ule, ni tofali tupu. Dada yangu hakunilaumu kwa mdomo. Alikuja tu kila siku na sare yake ya uuguzi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaliangalia pazia. Nilitamani anipige.

Jumamosi, siku ya mahafali yenyewe, saa nane, tukasikia sauti.

"Hodi."

Ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti yake, hata kile kikwaruzo chake cha mafua. Dada aliruka. Mimi nilimrukia dada.

"Usijibu," nikamnong'oneza.

"Ni mwanangu!"

"Huyu mtoto hajawahi kupiga hodi kwangu, dada. Hata siku moja. Anaingia tu kama paka. Nakuomba. Usijibu."

"Hodi," ikasema tena. Taratibu. Kwa adabu.

Nikamziba mdomo. Akaning'ata.

"Karibu!" akalia. "Karibu, mwanangu!"

Pazia likafunguka. Akatoka, na gauni lake la bluu, na kidoti chake shavuni. Dada akaanguka miguuni pake. Na mimi nililia, tena kwa furaha, Mungu ananiona. Nilikwenda kumkumbatia.

Ndipo jicho la fundi likaniponza. Mkono wa kulia wa gauni ulifika kwenye kifundo, palepale nilipoupima. Wa kushoto uliishia juu. Mikono yote miwili niliikata kwa kipimo kimoja.

Inchi mbili. Sikuhitaji futi kamba.

Sasa anakaa kwa mama yake. Anakula, anaosha vyombo, anacheka wenzake wakicheka. Hasomi tena. Dada anasema nina roho mbaya, nimeshindwa kushukuru, na tumebaki kusalimiana kwa simu. Nilimwomba ampime mwanawe mikono. Alikata simu.

Kitabu kimebaki kwangu. Nimekimaliza mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, na jambo lake la mwisho ndilo hili: mwana wa mfalme hakutaka kumtoa msichana. Alichoka kuzunguka, akatafuta mtu wa kumwachia laana yake. Ukurasa wa mwisho kuna chumba kisicho na mlango, na ndani yake msichana miguu mitupu, gauni lake limejaa pini. Anapapasa ukuta. Chini kabisa kuna maneno matatu, na wino wake ukiugusa unachafua kidole.

"Hodi, mama mdogo."

Neno moja tu lingemtoa. Kila siku saa nane nafungua ukurasa huo, navuta pumzi nilitamke. Na kila siku, saa hiyohiyo, mtu anakuja kusimama mlangoni kwangu na gauni la bluu, mkono wa kushoto umeegemea fremu. Hajawahi kuvuka kizingiti. Ananitazama mdomo, na karibu yangu sijui ingempata yupi kati yao.

"Hodi," anasema, akitabasamu. "Subiri, mama mdogo, subiri."