Tundu Lililozibwa kwa Nta

"Usinizungushe, Rozenn! Ufunguo wa hema ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu, lakini..."

"Basi hakuna cha lakini!"

Gwendal, msimamizi wa mbao za kuteleza mawimbini, alikuwa mwekundu usoni. Aliuinua ubao mmoja uliochorwa ndege weupe juu ya bahari ya buluu, akautikisa. Ndani mlisikika maji.

"Sikia! Umekunywa maji mpaka umekuwa gogo. Na huku mkiani kuna tundu limezibwa kwa nta, likapakwa rangi juu. Mjanja huyo!"

"Si mimi, mjomba Gwendal. Naapa ufunguo haukutoka kwenye mkoba wangu," Rozenn alisema.

Watu waliokuwa wakipita kuelekea jukwaani walisimama kutazama. Miongoni mwao alikuwa Tifenn, rafiki yake Rozenn tangu darasa la kwanza. Tifenn alitumbukiza mikono mifukoni haraka. Kucha zake zilikuwa za buluu, buluu ile ile iliyokuwa juu ya nta.

Katika tamasha la Porz Avel, wachoraji hawachori kwenye turubai. Huchora kwenye mbao za kuteleza, na hakuna ubao unaoguswa na maji ya chumvi kabla ya Jumapili. Siku hiyo, zumari na ngoma zinapoanza ufukweni, kila ubao huingia baharini kwa mara ya kwanza, ukipandwa na mtoto aliyechaguliwa na mchoraji wake. Soazig, mchoraji wa wale ndege, alikuwa amemchagua Rozenn, naye Rozenn akakabidhiwa ufunguo wa hema zilimohifadhiwa mbao. Bibi yake Rozenn alikuwa ameshaketi mstari wa mbele, amejifunga shali mpya.

"Leo hupandi chochote," Gwendal alikata shauri. "Asiyeweza kutunza ubao wa mwenzake hana nafasi hapa."

Rozenn alimtazama Tifenn, akitumaini rafiki yake atasema neno la kumtetea. Tifenn aliinamisha macho mchangani.

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla, Rozenn alipokuwa akioga, Tifenn alikuwa amechukua ufunguo mkobani. Alitaka wimbi moja tu. Alijiambia kwamba ataukausha ubao na kuurudisha, nani atajua? Lakini maji yalikuwa yakipwa, na mwamba uliokuwa chini uligonga mkia wa ubao. Tundu lenyewe halikuzidi ukucha wa kidole gumba. Alilijaza nta ambayo watelezaji hupaka juu ya ubao ili miguu isiteleze, kisha akapaka rangi yake ya kucha. Kwa mbali halikuonekana kabisa. Alirudi nyumbani akijiona fundi.

Sasa hakuweza kusimama pale. Alikwenda kwenye kibanda cha mama yake, Annick, aliyekuwa akigeuza chapati za ngano nyeusi mbele ya foleni ndefu ya wateja. Mama alimsogezea moja yenye soseji.

"Kula upesi, muziki unaanza."

"Sina njaa."

"Wewe? Huna njaa?" Mama alimtazama mara moja tu. "Unaumwa, au kuna jambo umelifanya? Mbona mikono mifukoni kama mwizi wa mayai?"

Tifenn alianza kulia. Alisema yote kwa mkupuo: ufunguo, mwamba, nta, Rozenn. Mteja wa mbele akajifanya anasoma bei.

Mama hakupiga kelele. Aliigeuza chapati kwanza, isije ikaungua.

"Umemwambia Gwendal?"

"Hapana. Mama, nenda wewe umwambie. Tafadhali."

"Mimi? Mimi nilivunja ubao? Ukinitanguliza mimi leo, kesho utanitanguliza nani? Nenda sasa hivi. Ukimaliza kulia ndipo uende, utakuta kila kitu kimekwisha."

Tifenn alikwenda. Soazig alikuwa amepiga magoti kando ya ubao wake, akikwangua nta kwa kisu kidogo. Matone yalikuwa yakidondoka mchangani. Gwendal alisimama kando yake.

"Ni mimi," Tifenn alisema, akaitoa mikono mifukoni, akaionyesha. "Niliiba ufunguo. Rozenn hajui chochote."

Gwendal alizitazama zile kucha, kisha akautazama ufukwe alikokuwa amempigia kelele mtoto asiye na kosa.

Soazig aliendelea kukwangua. "Ungeniambia Ijumaa," alisema hatimaye, "ningekuuliza kama umeumia. Kisha ningeukausha, ningeziba tundu vizuri, na leo ubao ungeingia majini. Kila mtelezaji hugonga mwamba, Tifenn. Mimi nimegonga mara ngapi! Lakini nta yako haikuzuia maji kuingia. Imeyazuia kutoka. Siku mbili hizi yamekuwa yakiozesha ndani huku juu panang'aa. Uongo ndivyo ulivyo. Na mbaya zaidi, uliozesha jina la mwenzako."

"Nisamehe, shangazi Soazig."

"Mimi baadaye. Yeye alitukanwa mbele ya watu. Hatasafishwa hapa kwa kunong'onezana."

Wapiga zumari walikuwa wakipanda jukwaani. Tifenn alitamani wimbi limmeze. Kule chini Rozenn alikuwa amekaa kando ya bibi yake, uso ameuficha ndani ya shali. Tifenn alimgeukia Gwendal.

"Naomba kipaza sauti."

"Una hakika?"

"Nipe kabla sijaogopa tena."

Alipanda jukwaani. Ufukwe wote ukanyamaza, hata watoto wa ndoo na makoleo.

"Mimi ni Tifenn. Ubao wa ndege niliuchukua kwa siri, nikautoboa, nikaficha. Rozenn alisingiziwa. Aliniangalia nimtetee, nikanyamaza. Rozenn, nisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Gwendal alichukua kipaza sauti, naye akaomba radhi, sauti yake ndogo kuliko kawaida. Nafasi ya Rozenn ikarudishwa, ila ubao wa kupanda haukuwepo.

Tifenn alikimbilia kwenye gari la mama yake, akarudi na ubao wake mwenyewe, mpya, mweupe, ambao alikuwa hajawahi kumwazima mtu. Akauweka miguuni pa Rozenn.

"Nitauchukua," Rozenn alisema. "Lakini leo usinisemeshe."

"Sawa."

Zumari lililia. Rozenn alifunga kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu, akakimbia na wenzake majini. Tifenn alirudi kwa Soazig, akachukua kisu mkononi mwake, akapiga magoti kando ya ubao wa ndege, akaanza kukwangua nta.