Aliyeitikia Jina la Agripina

Ritha hakuwa mtu wa makelele, lakini mchana ule pale stendi ya mabasi Singida alipiga ukelele uliowafanya hata wauza kuku wageuke.

"Mwizi! Jamani, mwizi huyo! Kachukua begi!"

Rafiki yake Esta alikuwa amemwachia mizigo akakimbilia chooni, maana safari kutoka Dodoma wanakosoma chuo ilikuwa ndefu na soda alizokunywa zilikuwa nyingi. Ritha aligeuka kidogo tu, kumkatalia mama mmoja aliyekuwa akimsogezea chupa ya asali mpaka puani. Alipogeuka tena, akamwona kijana mrefu, shati la bluu limepauka kwa kufuliwa, anaondoka na begi jekundu la Esta. Tena anatembea taratibu kabisa, utadhani la kwake. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Watu wa stendi hawaambiwi mara mbili. Makondakta walishamkaba kijana shati, na bodaboda mmoja alishavua kofia ngumu tayari kumtwanga nayo.

"Subirini!" kijana alisema, mikono juu. "Begi la ndugu yangu hili, nalipeleka garini!"

"Ndugu yako nani?" Ritha akamvaa. "Mwenye begi namjua, ninalala naye chumba kimoja!"

"Esta. Esta wa Kinyangiri. Huo utepe wa njano kwenye zipu niliufunga mimi, Krismasi, zipu ilipokatika."

Hapo akatokea Esta mwenyewe, anajipangusa mikono kwenye sketi. Alipoona kinachoendelea alicheka mpaka akachuchumaa. "Mwachieni! Huyo ni binamu yangu Calist, katumwa kutupokea!"

Ritha alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amependeza siku hiyo, gauni la kitenge cha kijani, kichwani misuko mipya ya twende kilioni, na urembo wote huo haukumsaidia kitu.

"Nisamehe, kaka yangu. Sikukujua."

"Nikusamehe nini? Stendi yote sasa inanijua." Calist alitabasamu. Alikuwa na mwanya, na Ritha akajikuta anautazama kupita adabu. "Ila jina hilo nimelipenda. Ukitaka kunipigia simu, andika hivyo hivyo, Mwizi."

"Nikupigie kwa lipi?"

"Utapata tu sababu."

Esta akaguna. "Mtu hata chooni haendi kwa amani!"

Wakapanda pikapu ya mashine ya kukamua alizeti, ambayo Calist ndiye aliyekuwa akiisimamia kule kijijini, wakaondoka. Walikuwa wanakwenda kula likizo fupi ya Pasaka kwa babu na bibi wa Esta, wazee wastaafu. Babu Abraham alikuwa bwana mifugo, hakuna zizi katika wilaya yao ya Mkalama ambalo hakuwahi kuchanja ng'ombe wake. Bibi Theodora alikuwa mkunga wa zahanati, na watu wazima wengi wa Kinyangiri waliingia duniani kwa mikono yake. Njiani Esta alimwambia Ritha kwamba bibi siku hizi anasahau, asishangae akiulizwa jambo lile lile kila mara. Hakusema zaidi, kwa sababu hata yeye hakujua zaidi.

Walimkuta bibi amekaa mlangoni, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, mbele yake sahani ya ugali na mlenda ambayo haijaguswa. Ritha akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alimtazama usoni, akamtazama sana, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Agripina."

"Abee," Ritha akaitika.

Hapo msimlaumu bado. Ritha alilelewa Morogoro na shangazi ambaye alikuwa hataki mkubwa aite mara mbili. Mzee akikutazama na kuita, unaitika, habari ya jina mtarekebisha baadaye. Bahati mbaya baadaye yenyewe haikupatikana. Bibi alishamvuta kifuani, akamsemesha Kinyiramba kwa haraka, na alipoona hajibiwi akahamia Kiswahili. "Hizo shule zimekuharibu ulimi, mwanangu. Umekula?" Akaivuta ile sahani, akaanza kula naye.

Nyuma yao Calist aliliweka begi chini akaondoka bila kuaga.

"Agripina ni shangazi yangu," Esta alimnong'oneza. "Mama yake Calist. Alifariki zamani, Calist yuko darasa la saba."

Jioni, babu alimwita Ritha pembeni ya zizi. Mzee wa watu hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mjukuu wangu, nilitaka nikutanie, nikuite mchumba, sasa bibi yako kakufanya mwanangu. Nimekosa vyote." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Tangu kiangazi kile kingine huyu mama hali mpaka tugombane. Leo kamaliza sahani. Nakuomba, hizi siku mpaka Pasaka ipite, akikuita, itika."

Nani angemkatalia? Ritha akakubali.

Na kweli bibi alibadilika. Alioga bila kubembelezwa, akaimba nyimbo za kwaya huku akichambua mboga, akamfumua Ritha nywele na kumsuka upya. Vilevile kweli, Ritha alianza kupata sababu za kupiga simu. Mashine haikuwa mbali, angeweza kwenda kwa miguu, na mara nyingi alikwenda, anampelekea Calist chakula, anarudi gauni linanuka mashudu ya alizeti na moyo unamwenda mbio. Asiporidhika na kumwona, anapiga.

"Haloo, mwizi."

"Haloo, mlalamikaji. Umemaliza kuniwaza?"

"Nikuwaze wewe kwa kipi? Nimepiga kuulizia bei ya mafuta."

"Mafuta yapo, mpenzi. Muuzaji ndiye amekwisha."

Ritha alicheka peke yake nyuma ya jiko mpaka Esta akaja kuchungulia. Lakini ndani mle bibi akiita "Agripina!" na Ritha akaacha simu kuitika, upande wa pili Calist alikuwa ananyamaza, na akirudi kuongea, sauti yake si ile.

Siku moja kabla ya Pasaka walitembea kwenye shamba la alizeti. Maua yalikuwa yameiva njano, marefu kuwapita vichwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwaona. Calist akasimama.

"Ritha, nakupenda. Nakwambia wazi, sijui kuzunguka."

"Na mimi nakupenda, Calist. Nilidhani umeshajua."

"Ngoja nimalize. Nakupenda, lakini kila nikiingia pale uani nasikia unaitwa jina la mama yangu, na unaitika. Jana bibi kaniambia nimwamkie mama. Nikakuamkia! Nimekupa shikamoo, Ritha, na wewe ukaniitikia marahaba!"

Ritha alitaka kucheka, akauona uso wake, kicheko kikafa.

"Bibi anakula, Calist. Anaimba. Wewe hufurahi?"

"Anadanganywa."

"Anahurumiwa."

"Huruma hiyo naijua mimi." Alichuma ua moja akaanza kulinyofoa bila kulitazama. "Mama alifariki tuko kambini, tunajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Mwalimu alijua, mpishi alijua, babu alijua. Wakasema nifichwe mpaka nimalize. Nikawa napewa chai ya maziwa peke yangu, naringa, najiona mwanafunzi bora. Nilipofika hapa Kinyangiri nikaonyeshwa kaburi limeshakauka. Matanga yamekwisha, watu wako mashambani. Nililia na nani?"

Ritha akasogea karibu. Alimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

"Sasa unataka nifanye nini? Nikamwambie bibi mwanawe alikufa?"

"Nataka uwe Ritha. Nitakuleta vipi nyumbani, niseme huyu ni mchumba wangu, wakati bibi anasema ni mama yangu? Nitakuwa nimeoa nini?"

"Babu aliniomba, Calist. Nimempa neno langu."

"Basi kaa na babu."

Akaondoka, maua yakamfunika. Ritha alimpigia jioni ile yote, hakupokea. Alilala anaumia, na asubuhi alipoitwa Agripina aliitika kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mchana wa Pasaka, baada ya kanisa, walikaa uani kula. Kulikuwa na wali, kuku wa kuchoma, na bibi amevaa kitenge kipya cha zambarau, amependeza, anawagombeza watu kwamba hawali. Calist alikuja kwa kuwa ni sikukuu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa mbali, hakumtazama Ritha.

"Agripina," bibi akasema, "mwanao amekonda na wewe huoni. Mpakulie mwenyewe."

Ritha akachukua sahani ya Calist.

"Bibi," Calist akasema, "huyu si mama. Mama alikufa. Huyu ni Ritha, rafiki wa Esta."

"Calist!" babu akafoka.

Bibi alimtazama mjukuu wake, akamtazama Ritha, na safari hii alimwona. Kitambaa cha mikono kikamdondoka.

"Agripina amekufa?"

Esta akainama kuokota kitambaa.

"Lini? Mbona sikuambiwa?"

Akaweka mikono kichwani, akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha mama aliyepewa habari muda huo huo, na kwake yeye ndivyo ilivyokuwa. Calist alisimama, akaona alichokifanya, akakimbia.

Kilio kile kilisikika mbali. Majirani walikuja na nguo zao za Pasaka wakidhani babu ndiye ameanguka. Babu aliwazuia langoni, akawaeleza kwa aibu kwamba ni kifo cha zamani, ni akili tu ya mgonjwa, warudi wakale sikukuu.

"Anayelia ni mama Theodora?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ndiye."

"Basi tunaingia."

Wakaingia. Wakatandika mikeka, wakakaa wakimzunguka bibi, wakalia naye. Wanaume wakawasha moto nje. Hakuna aliyemwambia kwamba matanga haya yalishakaliwa, na waliokuja baadaye walitoa pole kama inavyotolewa siku zote.

Ritha alitamani achukue begi lake atokomee. Aliona yote ni yake, tangu ile abee ya kwanza. Badala yake akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuchota maji, akamsaidia Esta kukoroga uji. Akiwa jikoni akamsikia bibi anauliza, "Na mtoto wa marehemu yuko wapi? Calist wangu yuko wapi? Nani amekwenda kumwambia?" Watu wakainamisha vichwa.

Ritha akatoka nyuma ya jiko na simu. Safari hii Calist alipokea.

"Nimemuua bibi," alisema. "Nimemuua, Ritha."

"Bibi mzima. Uko wapi?"

"Mashineni."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Nisikilize basi. Nina taarifa yako, na sitaki uipate kwa mtu mwingine." Akauegemea ukuta wa jiko. "Calist, mama yako amefariki. Agripina amefariki. Nyumbani kuna msiba, watu wamekaa, bibi anamuulizia mtoto wa marehemu. Njoo, mpenzi wangu. Hatujamaliza chochote bila wewe."

Kisha Ritha akamsikia analia, mwanamume mzima, analia kwa kwikwi za mtoto aliyevaa kaptula ya shule. Hakukata. Alimsubiri mpaka akasema, "Nakuja."

Alikuja kwa miguu kupitia shamba la alizeti, shati lake jeupe limejaa vumbi la njano. Watu wakampisha. Akaanguka mapajani kwa bibi yake, na bibi akamfunika na kanga.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Pole sana. Mama yako ametuacha."

"Ametuacha, bibi."

Babu Abraham, aliyewahi kuamua mtoto afichwe, alikuja akapiga magoti pale pale vumbini na suruali yake ya kanisani, akamshika Calist bega. Wakalia watatu mpaka jua likaanza kulegea.

Vilio vilipopungua, Ritha akaleta beseni na jagi watu wanawe mikono kabla ya uji. Alianza na bibi. Alipoinama kumwagia maji, bibi akamtazama kwa macho mekundu, makini, yasiyo na jina lolote ndani yake.

"Na wewe binti ni wa nani? Tangu mchana nakuona unahangaika na watu wangu."

Ritha akasimamisha jagi. Kuwa Agripina hakukuwezekana tena. Kusema yeye ni rafiki wa Esta ilikuwa kweli, lakini kweli hiyo ilikuwa ndogo mno kwa siku ile.

Calist akainua kichwa.

"Anaitwa Ritha, bibi," alisema. "Ni mkwe wa marehemu."

Jagi nusura limtoke Ritha. Wanawake wakageuza shingo mkekani, Esta akaziba mdomo kwa mkono. Calist alikuwa anamtazama yeye peke yake, macho yamevimba, hana mzaha hata chembe. Hapakuwa na mwizi wala mlalamikaji tena.

"Mkwe wa Agripina?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

Bibi akatikisa kichwa, machozi yakaanza upya. "Sasa mbona Agripina hakuniambia?"

Bibi akajipangusa kwa pindo la kanga, akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka kati yake na mjukuu wake, akaipigapiga kwa kiganja.

"Weka hilo jagi, wenzako watagawa maji. Mkwe wa marehemu hazunguki na wageni. Anakaa hapa, na wafiwa."

Ritha alimtazama Calist. Akaweka jagi chini, akavua kandambili, akakaa.