Kipenga cha Matrawi

Mto ulikuja mchana kweupe, jua likiwaka, na hilo ndilo lililowaponza. Kambini hapakuwa na tone la mvua. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Luteni Hettema alikuwa ameinamia dira yake ukingoni, akisubiri kusikia kipenga kutoka msituni. Askari wawili walikuwa wakifua mashati, na Kasdi mpishi akipuliza moto. Kuku wa pekee wa kambi akarukia juu ya gunia la mchele.

"Mtazameni huyu," Kasdi akasema, "naye anataka cheo!"

Hawakuwahi kucheka. Maji yalikata kona yakiwa yamebeba miti mizima na mizizi yake, yakaifagia kambi. Mitumbwi ilikatika kamba. Askari mmoja aliinua mkono wenye shati lililolowa, gogo likampiga kifuani, akapotea. Hettema alizamishwa, akabamizwa kwenye mawe, akanywa tope mpaka likamtokea puani. Aliposhikwa ukosi na kuvutwa juu, mkononi alikuwa ameshikilia mguu mmoja wa darubini ya kupimia, ule wa mbao wenye ncha ya chuma. Darubini yenyewe ilikuwa imekwenda. Dira nayo ilikuwa imekwenda.

"Tapika, Bwana Luteni!" Sajini Tahapary alikuwa akimtwanga mgongoni kwa ngumi. "Tapika yote! Usinifie hapa, mimi ripoti sijui kuandika!"

Askari wa pili alikuwa amepiga magoti kando yao, anakohoa. Mshale ulimwingia shingoni upande huu ukatokea upande ule. Aliushika kwa mikono miwili, akamtazama sajini kana kwamba ana swali, akalala.

"Wako juu!" Kasdi akapiga ukelele. "Wako juu yetu!"

Wenyeji walikuja wakiteremka mbio kutoka kwenye uwazi ambao Waholanzi wenyewe waliukata. Tahapary alifyatua bunduki, mtu mmoja akaanguka kifudifudi. Alipotaka kufyatua tena, tope lilikuwa limeziba chumba cha risasi. Akaitupa, akachomoa upanga. Sajini huyo, mtu wa kisiwa cha Ambon, alikuwa mfupi, mnene, na alipigana akitukana kwa lugha tatu. Mshale ukamkita pajani, hakusimama. Mtu mwenye shoka la jiwe akamjia Hettema. Hettema akamchoma tumboni kwa ile ncha ya chuma, kisha akampiga nayo kichwani, akampiga, akampiga tena, hata mbao ikavunjika na bado mkono ulikuwa unapanda na kushuka.

"Basi, Bwana!" Kasdi akamshika kiwiko. "Ameshakufa. Ameshakufa zamani."

Washambuliaji wengine walikuwa wamerudi nyuma kidogo, wakikokota majeruhi wao. Hettema akamtazama usoni yule aliyemuua, na akamtambua. Juma lililopita mtu huyu alikuja akakaa juu ya mti wa sago ulioangushwa, akakataa kuinuka. Hakutukana, hakutishia mtu. Alikaa tu, mpaka askari wakambeba mikono na miguu wakamweka pembeni kama kiti.

Na yote kwa ajili ya mstari! Wakubwa wa Uholanzi na wakubwa wa Ujerumani walikaa mezani huko Ulaya wakaigawa Papua kwa rula. Hettema, aliyekwisha kupima Sumatra, akapima Borneo, na kila alipopima akapandishwa cheo, ndiye aliyetumwa kuuweka mstari huo ardhini. Ukaangukia katikati ya shamba la sago. Miti ile ina wenyewe. Ndani ya shina lake mna unga wao wa chakula, na baba humpandia mwanawe siku anapozaliwa. Hettema aliikata kwa sababu mstari haupindi. Kwao Friesland hata mitaro ya malisho imenyooka, wala hakuona ajabu.

Pale pasipokatika walipima kwa sikio. Katika msitu ule humwoni aliye hatua chache mbele yako. Basi mfungwa mmoja hutangulia na kipenga, akasimama, akapiga mlio mmoja, mrefu. Mpimaji huelekeza dira kwenye sauti, akasoma pembe, safari ikaendelea. Anayetangulia ndiye anayekutana na mshale kwanza, ndiyo maana kazi hiyo ilikuwa ya wafungwa. Wa kwanza aliuawa na kipenga chake kikachukuliwa. Tangu siku hiyo msitu nao ukawa unawapigia, asubuhi huku, jioni kule, na sajini akakosa raha kabisa.

Wa pili alikuwa Matrawi, mtu wa kisiwa cha Madura, aliyefungwa minyororo kwa kumkatakata jirani aliyemkashifu mkewe. Hakuwa na meno ya mbele. Mlinzi wa gereza aliyang'oa kwa kitako cha bunduki. Kwa hiyo kipenga chake kilianza kwa kukwaruza, fff, ndipo sauti ikatoka.

"Kipenga chako kina mafua," Tahapary alikuwa akimwambia.

"Niozeshe binti yako, Sajini, kitapona."

Na sajini, ambaye humchapa mfungwa kwa neno dogo kuliko hilo, alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Asubuhi ile Matrawi alikuwa ametangulia kwenye kilima cha kaskazini, peke yake.

Sasa, mto ukiwa umeifagia kambi, wakakimbia watatu: Hettema, Tahapary na Kasdi, mfungwa wa Kijava, na panga lake la jikoni. Kufuata ukingo hawakuthubutu, maana wenye mishale walikuwa ukingoni. Kusini, mbali, ulikuwepo mto mkubwa, na Wajerumani wa tume ya mpaka walikuwa wakiwasubiri huko na boti yao ya moshi. Baina yao na mto huo kulikuwa na kinamasi. Wakaingia. Maji meusi yaliwafika kiunoni, ruba wakawapanda mapajani, miiba ikawachana mikono. Kasdi alikata mimea minene inayotambaa na kuwakingia matone ya maji midomoni, kwa kuwa maji ya kinamasi yalinuka mzoga.

Juu ya mzizi mkubwa Tahapary alikaa akanyoosha mguu. Ncha ya mshale ilikuwa ya mfupa, yenye meno yanayotazama nyuma.

"Toa, Bwana."

"Haitoki kwa kuvuta. Itabidi nikate nyama."

"Nimesema toa, sikukwambia unihadithie."

Hettema akakata. Kasdi akamlalia sajini kifuani, na sajini akauma mkanda wake wa ngozi mpaka ukatoboka. Ncha ilipotoka akaitazama, akaitemea mate, akajifunga kitambaa, akasimama.

Wakaenda. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya miti na jua halikuonekana liko wapi. Hettema alichagua mti, akaulenga, akaufikia, akachagua mwingine. Aliamini anakwenda sawa, na kwa nini asiamini? Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kunyoosha. Kisha Kasdi akasimama, akanyoosha kidole. Kwenye mzizi mkubwa palikuwa na damu na ncha ya mfupa.

"Tumezunguka," Tahapary akasema. "Mungu wangu! Tumezunguka kama punda wa kinu."

Ndipo wakakisikia, mbali, nyuma ya bega la kushoto.

Fff, piiiii.

"Matrawi!" Kasdi akaruka. "Huyo ni Matrawi, yuko hai!"

"Funga domo," sajini akasema. "Ni wao. Wanatuita tukachinjwe."

"Sajini, mimi nalala naye mnyororo mmoja. Nikimsikia anavyokoroma tu namjua. Bwana Luteni, si ni yeye? Kile kikwaruzo, Bwana umekisikia?"

Hettema alikuwa amekisikia. Alikijua kipenga kile kuliko alivyoijua sauti ya mama yake. Miezi mingi alikuwa akikisubiri kila saa, sikio limetegwa. Akafikiria kilima, mishale, mguu wa sajini. Akafikiria kichwa cha yule mtu wa sago kilivyopasuka. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayetaka kuishi. Halafu, katikati ya hofu hiyo, akili yake ya kazi ikamwambia: kipenga kiko kwenye kilima, kilima kiko kaskazini, basi kusini ni huku.

"Ni wao," akasema. "Tunakwenda huku."

Kasdi akamtazama. Akageuka, akaanza kutembea majini kuelekea kwenye sauti, panga begani.

"We Kasdi! Rudi! Rudi nitakukata kichwa!" Tahapary alikuwa ameinua upanga, lakini mguu haukumruhusu.

"Muache," Hettema akasema.

Usiku mmoja walining'inia kwenye matawi. Siku nzima baadaye walitembea, na kila walipopoteza njia Hettema alisimama, akafumba macho, akasikiliza. Fff, piiiii. Akaupa mgongo, akaendelea. Kipenga kilikuwa kikififia, lakini kilikuwa pale pale, hakikosei, dira gani ingefanya kazi hiyo? Tahapary alianza kuweweseka kwa homa, akimwita mkewe, akidai chumvi. Hettema akambeba mabegani. Mara mbili walianguka wote wawili, na mara ya pili alitaka kubaki pale pale chini ya maji. Kipenga kikalia. Akainuka.

Alasiri kipenga kilinyamaza kabisa. Lakini wakati huo alikuwa ameshausikia mto.

Wajerumani waliwaona kutoka kwenye boti. Luteni wao, kijana mwenye ndevu nyekundu, alishuka mwenyewe kwenye tope, akampigia saluti, akauliza, "Mstari umefikia wapi?"

Hettema akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na hawakujua wamfanye nini, wakampa konyagi.

Kesho yake asubuhi baharia alipaza sauti. Chelezo cha mabua ya sago kilikuwa kinateremka mtoni, kimebeba mtu. Walipokivuta kwa upondo waliona hana mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Kigutu kilifungwa kwa shati. Alikuwa hai. Kipenga kilikuwa shingoni.

Walimlaza juu ya mbao za boti, wakamnywesha mchuzi. Tahapary akajikokota mpaka pale akakaa karibu yake, akimfukuzia nzi. Hettema alisimama. Alitamani sana kuwa mahali pengine.

"Gogo liliniangukia mguuni," Matrawi akasema polepole. "Nikasema moyoni, nikipiga, Bwana ataisoma pembe, watakuja. Wenye ile miti wakaja kwanza. Wakakaa wakanitazama. Mdomo ukinikauka wananipa maji kwenye jani, nipige tena."

"Chambo!" Tahapary akapiga kofi mbao. "Walikufanya chambo! Unaona, Bwana Luteni? Si nilisema ni mtego?"

"Ulikuwa mtego, Sajini. Kasdi akaja nao upo." Matrawi alipumua. "Alinikata mguu kwa lile panga lake la vitunguu. Analia yeye, mimi silii. Wale watu wakamwacha anikate, anibebe, anifungie chelezo, kwa sababu walikuwa wanaangalia nyuma yake, wanawangoja ninyi. Tulipofika kwenye maji ndipo walipoona hakuna mwingine. Wakampiga mishale hapa, hapa na hapa. Akanisukuma huku anakufa. Mimi wakaniacha, sijui kwa nini."

Mashine ya boti ilikuwa inakoroma.

"Hamkunisikia, Bwana?"

"Unajua, upepo ule..." sajini akaanza.

"Nilikusikia," Hettema akasema.

"Ukadhani ni wao."

Mlango wa kujitetea ulikuwa wazi. Angepita tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Sajini mwenyewe alikuwa anamwitikia kwa kichwa kumtia moyo apite.

"Hapana. Nilijua ni wewe. Tulikuwa tumepotea. Kila tulipopotea nilisimama nikakusikiliza, nikakupa mgongo. Ndivyo tulivyoupata mto."

Matrawi akamtazama. Uso wa Hettema ulikuwa unamwaka, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Kumbe nilikuwa kazini," Matrawi akasema.

Akajivua kipenga shingoni. Kamba yake ilikuwa imekakamaa kwa damu. Akamnyooshea mkono, na Luteni akakipokea.

Matrawi alirudishwa gerezani Java na gongo moja. Hettema aliandika kuomba aachiliwe. Wakubwa wakajibu kwa kumpandisha Hettema cheo. Msimu wa kiangazi alirudi Papua akiwa kapteni, kuumalizia mstari ule ule, kwa maana haukuwa umesogea hata inchi moja. Wakamletea mfungwa mpya wa kutangulia. Akamwambia akae kambini apike.

"Bwana, acha mambo hayo," Tahapary alimsihi, akichechemea nyuma yake. "Kapteni mzima atangulie na kipenga? Wajerumani watatucheka. Na mimi hiyo dira naisoma kwa taabu."

"Utajifunza."

Akaingia msituni peke yake, akapanda kilima cha kaskazini mpaka kwenye gogo lililokuwa na alama za panga la jikoni. Kila kitu kilikuwa kimya. Kando ya gogo, kwenye udongo mwepesi, mtu alikuwa amepanda miche michanga ya sago, mstari mzima, imeshachipua.

Hettema alisimama pale, mgongo wazi. Akaweka kipenga mdomoni, akapiga mlio mmoja, mrefu. Kisha akatulia, mate yamemkauka, akisikiliza kama kuna mtu anayekuja.